Mshale Usiokuwepo

Upote ulilia vuuum, na haukunyamaza pale ulipotakiwa kunyamaza. Uzi wa upinde ukiuachia hulia mara moja ukatulia. Huu uliendelea kulia, mwembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo, ukateremka bondeni juu ya mibuni ya watu mpaka masikio yakashindwa kuufuata. Watu watatu waliokuwa uani kwa Meshack, fundi wa pinde kule Kalinzi, wote waliusikia. Gasper alibaki ameshika upinde kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko hewani, vidole wazi. Mshale haukuwepo.

Wako watu Kidahwe wanaoisimulia habari hii wakimwonea huruma Gasper, wanasema maskini, mkono uliteleza. Mkono haukuteleza. Mimi kwa hilo sina subira hata kidogo, na ndiyo maana naisimulia mwenyewe.

Gasper alikuwa mkulima wa muhogo wa Kidahwe, mtu wa miaka thelathini na minne, na hadi msimu ule hakuwahi kushika upinde maishani mwake. Lakini nguruwe pori walishuka. Walikuja kwa makundi, wakafukua mihogo ya watu kana kwamba wameajiriwa kulima, na kijiji kikakubaliana kwamba kila kaya inayopakana na pori itoe mtu mmoja wa kuwinda, mwenye upinde wake. Kaya ya Gasper ilikuwa ya mwisho kabisa, pori liko mlangoni. Hakuwa na pa kukwepea.

Sasa kwa Waha, mtu anayechagua umuheto, yaani upinde wake wa kwanza, haendi peke yake. Anakwenda na ndugu wa kiume ambaye tayari ni mwindaji. Yule ndugu anasimama mbele yake hatua kumi, uso kwa uso, amtazame macho na kiwiko anapovuta. Macho yakitetemeka, upinde ni mzito mno. Kiwiko kikishuka, upinde ni mrefu mno. Ndugu ndiye anayesema "huu ndio wako" au "weka chini". Na ndugu wa kiume aliyebaki wa Gasper alikuwa mmoja tu, kaka yake mkubwa, Thobias.

Hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Baba yao alipofariki, wazee wa ukoo walimpa Thobias shamba la bondeni lenye maji, na Gasper wakampa mteremko wenye mawe. Tangu siku ile nyumba hizo mbili hazikuombana chumvi. Walisalimiana kwa sababu ya macho ya watu. Thobias, mtu wa miaka arobaini na sita, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha, alikubali kumsindikiza mdogo wake Kalinzi kwa sababu moja tu: alitaka kumwona akiaibika.

Meshack aliwapanga uani. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa wateja, mikono imejaa makovu ya misumari anayoifua kuwa vichwa vya mishale. Pinde zake zilikuwa za mti wa mkole, na upote wake ulikuwa mshipa wa mgongo wa ng'ombe, uliosokotwa na kupakwa mafuta.

"Vuta, sikilizia bega, kisha urudishe upote polepole mpaka ulale," alimwambia Gasper. "Usiachie. Nasema tena, usiachie upote mtupu uani kwangu."

"Kwani nikiachia?"

"Upinde utapasuka," alijibu Meshack, akatazama pembeni.

Gasper alivuta wa kwanza. Mbele yake Thobias alicheka puani. "Weka chini. Mikono inatetemeka kama ya bibi harusi."

Alivuta wa pili. "Weka chini. Wewe baba alikubeba mgongoni mpaka una miaka saba, nguvu utazitoa wapi? Mwambie Melania aje avute yeye."

Melania ni mke wa Gasper. Kumtaja kwake pale, mbele ya mtu baki, kulimchoma Gasper kuliko yote. Aliuchukua wa tatu, mweusi kwa moshi wa jikoni, mzito. Akauvuta mpaka shavuni. Bega lilikubali, kiwiko kilikaa, macho yalitulia, na macho hayo yalikuwa yametulia juu ya kifungo cha tatu cha shati la kaka yake. Thobias alikuwa anafungua mdomo kusema tena. Moyoni Gasper alisema neno moja, "Ufe," na vidole vikafunguka vyenyewe kwa furaha.

Ndivyo ilivyokuwa, saa saba mchana. Na baada ya ile sauti kuishia bondeni, Thobias alijipapasa kifua, akacheka, akasema huo ni utoto. Meshack hakucheka. Alimsogelea Gasper mpaka harufu ya mafuta ya ng'ombe ikamfikia.

"Nakuuliza mara moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukinijibu kweli, tunalimaliza hapa hapa kabla jua halijatua. Ulikusudia?"

Thobias alikuwa anamtazama. Gasper aliushusha upinde.

"Mkono umeteleza."

"Haya," alisema Meshack. "Uchukue. Ni wako sasa, hata bure uchukue, uondoke nao."

Nyumbani Gasper aliufungua upote kama alivyofundishwa, upinde ukabaki fimbo iliyonyooka, akautundika nyuma ya mlango wa stoo. Kesho yake saa saba mchana, jua liko utosini, kuku wamejilaza vivulini, Melania aliingia stoo kuchukua unga. Alitoka bila unga.

"Baba Winfrida," alisema, maana binti yao wa kwanza aliitwa hivyo, "umeufunga upinde wako?"

"Sijaugusa."

"Umefungwa. Umekaza kabisa. Halafu mle ndani kunanuka ngozi mbichi, kama mtu amechinja."

Gasper alikwenda akaona kweli. Upote ulikuwa umekazwa mpaka upinde umejikunja. Akaufungua tena, akajicheka, akasema pengine alisahau. Siku ya pili, saa ile ile, aliukuta umekazwa tena. Siku ya tatu alikaa mwenyewe nje ya mlango wa stoo, kwenye kigoda, mchana kweupe, akasikia ndani mti unalia krii, krii, taratibu, mlio wa upinde unaovutwa na mtu asiye na haraka, kisha kimya, na ndani ya kimya kile akasikia kitu kilichomtoa jasho la baridi juani: mtu ameshikilia pumzi, vile wanavyoshikilia pumzi wawindaji wanapolenga.

Hakufungua mlango. Tusimlaumu kwa hilo, hata wewe usingefungua. Ila Melania, ambaye moyo wake ulikuwa mgumu kuliko wa mumewe, alichungulia kwenye ufa wa ubao. Alirudi nyuma akakaa chini kwenye vumbi, kanga imemtoka kichwani.

"Kuna mtu amesimama," alinong'ona. "Amenipa mgongo. Bega moja liko juu, moja liko chini. Yebaba we! Kichwa chake kinagusa bati, mume wangu, na amekiinamisha."

"Anaelekea wapi?"

Melania alinyoosha kidole. Aliuonyesha ukuta wa upande wa bondeni, kwa Thobias.

Siku hizo hizo maneno yalianza kuteremka kutoka vijiji vya juu. Mwendesha bodaboda mmoja alisimulia gengeni kwamba njia ya kutoka Kalinzi kuna mgomba umetobolewa katikati, tundu la duara, safi, unaona upande wa pili. Siku mbili baadaye ikawa mlango wa choo cha mtu, chini zaidi. Halafu mchikichi, na mchikichi si mti wa kutobolewa ovyo. Tundu lilikuwa jembamba kama kidole cha mwisho, limepenya shina lote, na pembeni mwake gome lilikuwa limeungua kidogo. Watu walibishana, risasi hiyo, wengine wakasema wadudu. Gasper alikaa anasikiliza na chai yake imepoa. Alikuwa anahesabu njia kichwani. Ukichukua mgomba, mlango na mchikichi ukavipigia mstari, mstari unaanzia uani kwa Meshack na unakuja Kidahwe.

Jumapili Thobias alikuja. Hakuwa amekanyaga pale kwa mwaka mzima. Alisimama nje ya uzio, akaita "Gasper!", na Gasper akaona kuwa shati limemlegea, amekonda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wewe, unasikia kitu mchana?"

"Kitu gani?"

"Kama nzi. Saa saba ikifika nasikia nzi mmoja, mbali, upande wa milimani. Kila siku anasogea. Mbwa wangu wamekimbia, wote watatu." Alijifuta uso. "Jana nimekuta ndoo ya maji ya mke wangu imetobolewa huku na huku, maji yanamwagika pande mbili. Nimeingiza kijiti kwenye matundu yote mawili. Kijiti kimeelekea kitandani kwangu."

Hapo ndipo Gasper angesema. Alikuwa na neno kooni, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akamtazama kaka yake, yule yule aliyemtaja mkewe mbele ya mtu baki, na neno likarudi chini.

"Labda watoto wa watu wanakuchezea," alisema.

Thobias alimtazama muda mrefu kabla ya kuondoka.

Kesho yake Gasper alipanda bodaboda na upinde umefungwa kwenye gunia, akapanda Kalinzi kuurudisha. Meshack alikuwa anafua msumari. Hakusimama.

"Sipokei. Upinde haujakukosea. Kinachokusumbua ni kile ulichokirusha."

"Sikurusha kitu! Hakukuwa na mshale!"

"Ndiyo maana." Meshack aliweka nyundo chini. "Kila upote una mwenyewe, tangu kwa babu zetu. Ukimpa mshale, anaupeleka mshale. Usipompa, anakwenda yeye. Wengi huachia upote mtupu na hakuna kinachotokea, kwa sababu hawakumwelekeza mtu. Huyo wa kwako alipewa mtu. Sasa anawinda, na kila saa saba anarudi kwenye upinde wako kulenga upya. Mwanzo mwindaji hutembea haraka. Akikaribia, anapunguza, ananyata. Ukiona matundu yanakaribiana, ujue amemwona mnyama wake."

"Nifanye nini, mzee wangu?"

"Siku ile nilikuuliza. Leo mimi siwezi tena. Nenda Ujiji, kwa mganga mmoja, Bi Mwanakombo. Na usimdanganye yule mama, atakufukuza."

Aliporudi, Thobias hakuwepo. Amekimbilia Ilagala kwa wakwe zake, akiamini kwamba akiliweka bonde la Malagarasi kati yake na milima atapona. Gasper alishusha pumzi. Alijiambia limeisha. Siku ya tatu simu ikaita, alikuwa mke wa Thobias, analia. Walikuwa wamekaa ufukoni kwa wakwe, dagaa wameanikwa juani, saa saba mchana, nzi akasikika juu ya maji, na mtumbwi uliovutwa mchangani mbele yao ukapasuka ubao, tundu jembamba, vumbi la mti likawarukia usoni. Mumewe alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi ule. Tundu lilimpita sikio kwa upana wa kiganja. Sasa amejilaza chini ya kitanda, na hataki kutoka.

"Shemeji," alisema yule mwanamke, "anakuita wewe. Sijui kwa nini anakuita wewe."

Bi Mwanakombo alikuwa fundi cherehani. Ukipita mtaani kwake Ujiji ungemwona barazani na miwani imeshuka puani, anapinda mashuka, na usingejua lolote. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mkali, mwenye maneno machache. Aliwapokea wote siku moja: Gasper na Melania na gunia lao kutoka Kidahwe, Thobias na mkewe kutoka Ilagala. Thobias aliletwa amefunikwa shuka kichwani kama mgonjwa, na Gasper alipomwona hivyo hakupata ile raha aliyokuwa akiitarajia siku zote. Alisikia huzuni, na aibu nyuma yake.

"Mmekuja saa sita na nusu," alisema Bi Mwanakombo. "Kumbe mnajua saa yake. Ingieni."

Chumba kilikuwa kidogo, mkeka, chetezo, dirisha moja. Aliutoa upinde kwenye gunia akaulaza katikati ya mkeka, umenyooka, upote umefunguliwa. Alitia ubani kwenye makaa. Alisoma kisomo chake kwa sauti ya chini, haraka haraka, na moshi ukajaa chini ya dari, na ndani ya harufu ya ubani ikaanza kupenya ile nyingine, ya ngozi mbichi, ikaongezeka mpaka mke wa Thobias akaziba pua. Nje mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida, watoto, redio, muuza mafuta ya mawese anapita. Kisha kelele zikapungua moja moja, redio, watoto, mpaka ikabaki moja tu.

Nzi.

"Amefika," alinong'ona Thobias kutoka ndani ya shuka. "Mama, amefika huyo."

Juu ya mkeka upinde ulianza kujikunja. Hakuna aliyeugusa. Uliinuka taratibu kwenye ncha zake mbili, krii, krii, upote ukajivuta wenyewe kutoka ncha hadi ncha ukajifunga, na Gasper alipotaka kupiga kelele aligundua kwamba koo lake halikuwa lake tena, kuna kitu kizito kimekaa pale, baridi, kirefu, kimeinamisha kichwa ndani ya kichwa chake, na bega lake la kulia likapanda lenyewe juu ya la kushoto, na mdomo wake ukafunguka ukatoa sauti ambayo Melania baadaye alisema haikuwa ya mtu wala ya mnyama, ilikuwa sauti ya uzi unaozungumza.

"Mbona mmenisimamisha? Nilikuwa nimemfikia."

"Nani amekuita huku?" aliuliza Bi Mwanakombo. Hakupandisha sauti.

"Mimi siji mwenyewe. Nimetumwa."

"Kuna jogoo mwekundu uani. Mchukue urudi kwenu."

"Sikuelekezwa kwa jogoo."

"Kuna mbuzi."

Mdomo wa Gasper ulicheka. Yeye mwenyewe ndani hakuwa anacheka, alikuwa analia. "Nilionyeshwa kifungo cha tatu cha shati. Hapo ndipo naingilia. Mwulize huyu mwenye mdomo huu kama naongopa."

Kile kitu kikamwachia koo. Gasper alianguka kwa mikono yake miwili, anakohoa, bega lingali juu. Bi Mwanakombo alimwinamia, wakabaki uso kwa uso.

"Nisikilize vizuri, kwa sababu hatuna muda. Aliyemtuma anaweza kumwita arudi. Lazima aseme kwa mdomo wake, mbele ya aliyemlenga, kwamba alikusudia. Ukisema, atamwacha kaka yako hapo hapo. Lakini hatakwenda bure. Atakugeukia wewe, njia ile ile aliyojia, tundu kwa tundu. Kitakachomzuia ni kimoja, kaka yako akusamehe. Kwa moyo. Mdomo peke yake haumfungi huyu. Umeelewa? Akikusamehe kwa moyo, njia inafungwa. Asipokusamehe, iko wazi."

"Mama Winfrida," alisema Gasper, akimtafuta mkewe kwa macho.

Melania alikuwa ameshika ukuta. "Si mkono uliteleza?" aliuliza. "Baba Winfrida, si uliniambia mkono uliteleza?"

Nzi alikuwa dirishani sasa. Pazia lilitobolewa bila kutikisika, tundu moja, na mwanga wa jua ukapita pale ukachora doa juu ya shuka la Thobias. Doa lilitembea. Lilipanda tumboni, likatafuta, likasimama kifuani. Thobias alilitupa shuka akabaki na shati lake, lile lile la Kalinzi, na mtu yule mpana mwenye sauti ya kuamrisha akapiga kelele kama mtoto.

"Gasper! Mdogo wangu! Kama kuna neno sema, nakuomba, mwana wa mama, sema!"

Na Gasper alisema. Lazima nimpe haki yake hapo, kwa sababu aliogopa kweli na bado alisema. "Nilikusudia. Haukuteleza mkono. Nilikulenga, nikasema ufe. Nilitaka ufe, kaka. Sasa sitaki. Arudi kwangu, sitaki ufe."

Doa la mwanga lilizimika. Upinde ulilegea ukaanguka chali, upote ukafunguka. Huko nje redio ikasikika tena katikati ya maneno.

Thobias alikuwa anajipapasa kifua, kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkewe alimshika mkono.

"Jibu sasa," Bi Mwanakombo alimwambia Thobias. "Umesikia alichosema."

Thobias alimtazama mdogo wake. Machozi yalikuwa hayajamkauka, lakini macho yenyewe yalikuwa yamesharudi kuwa yale ya siku zote. Alinyoosha mkono.

"Nimekusamehe."

Gasper aliushika kwa mikono miwili akaubusu. Alilia bila kujificha, akasema asante kaka, asante, na wanawake nao wakalia, na ikawa kama msiba ulioahirishwa. Bi Mwanakombo peke yake hakulia. Aliuvunja upinde vipande vitatu kwa goti, akavitia kwenye makaa, vikashika moto kama kuni yoyote. Alipowasindikiza mlangoni alimvuta Gasper kando.

"Mdomo nimeusikia," alisema. "Moyo sina mashine ya kuupima. Nenda, mwanangu, Mungu akulinde."

Walirudi Kidahwe. Thobias alisema atabaki Ilagala kwa wakwe mpaka apate nguvu. Stoo ilinuka unga na mawese tu. Saa saba ilikuja ikapita, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, na Gasper akaanza kula. Alimwambia Melania kwamba mihogo ikikomaa atampelekea kaka yake magunia mawili, na Melania akasema apeleke matatu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Siku ya saba alicheka na binti yake mpaka akashika mbavu.

Siku ya nane, mchana, alikuwa mwisho wa shamba lake, upande wa magharibi, upande wa kwenda Ujiji. Kuna mchikichi pale, mzee, alioupanda baba yao. Alikwenda kujiegemeza apumzike, mkono ukagusa kitu chenye unyevu. Shina lilikuwa limetobolewa. Tundu jembamba kama kidole cha mwisho, utomvu unatoka, gome limeungua pembeni. Alilipigia jicho, akaona ziwa kwa mbali upande wa pili. Aligeuka polepole afuate mstari upande wake. Mstari ulipita katikati ya matuta ya muhogo, ukapita kwenye uzio, ukafika kwenye mlango wa nyumba yake, alipokuwa amesimama Melania anamwita aje ale.

Alitoa simu. Vidole vilikosa namba mara mbili. Iliita muda mrefu, kisha akasikia upepo wa ziwa na sauti za wavuvi, na mtu anapumua.

"Kaka, shikamoo," alisema Gasper. "Kaka, nilikuwa nataka..."

Thobias hakuitikia marahaba. Alimkatiza kwa upole, sauti imetulia, sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri simu hiyo tangu siku ya kwanza.

"Mshale umefika wapi?"